Kufuga Nguruwe wa Aina Tofauti Pamoja katika Shamba Dogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, nguruwe wa aina tofauti wanaweza kukaa katika banda moja?

Ndiyo, wanaweza. Awe Large White, Landrace, Duroc, Hampshire, Berkshire au Kunekune, nguruwe wote hawa wa kufugwa ni wa spishi moja, hutambuana kwa harufu na sauti zilezile, na huzaliana bila kizuizi chochote. Kinacholeta madhara katika kundi la mchanganyiko ni tofauti za ukubwa, umri, jinsia na mahitaji ya chakula, na tofauti hizo hujitokeza hata pale ambapo nguruwe wote ni wa aina moja. Kwa sababu hiyo, mfugaji anayepanga mabanda yake anapaswa kuangalia kwanza uzito wa kila mnyama na hatua ya maisha aliyofikia, na suala la aina lifuate baadaye. Large White na Duroc walioachishwa kunyonya katika wiki ileile watakaa kwa amani zaidi kuliko Large White wawili ambao mmoja ana kilo 40 na mwenzake ana kilo 120.

Tofauti ya ukubwa ikifikia kiasi gani ni hatari?

Kwa nguruwe wanaokua, kipimo kinachofaa ni kwamba aliye mzito zaidi asimzidi aliye mwepesi zaidi kwa zaidi ya theluthi moja ya uzito. Zaidi ya hapo, mdogo husukumwa mbali na hori, hulala mahali penye baridi au unyevu, na udhaifu wake huongezeka wiki hadi wiki hata kama hana jeraha lolote linaloonekana. Kwa wakubwa, tofauti kati ya aina kubwa na aina ndogo ni pana mno: dume wa Large White aliyekomaa anaweza kupita kilo 300, ilhali Kunekune mara nyingi hafikii hata nusu ya uzito huo. Dume wa namna hiyo akigeuka tu banda likiwa finyu anaweza kumvunja mguu mwenzake mdogo bila kuwa na nia yoyote ya ugomvi. Majike wa aina ndogo na wa aina kubwa wanaweza kushirikiana katika eneo la wazi lenye nafasi ya kukimbilia, lakini wapewe mahali tofauti pa kulala na pa kulia.

Asiye na mizani anaweza kukadiria uzito kwa utepe. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vipimo vyote viwe kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye mzunguko wa mita 1.1 na urefu wa mita 1.15 atakuwa na karibu kilo 96. Kwa aina fupi zenye mafuta mengi au manyoya mazito makadirio haya hupotoka zaidi, ila hubaki na manufaa ya kufuatilia kama mnyama yuleyule anaongezeka au anapungua.

Nguruwe wasiofahamiana wakutanishwe vipi?

Tegemea mapigano. Nguruwe huishi kwa ngazi za ukuu, na kila anapoingia mgeni ngazi hizo hupangwa upya kwa kusukumana kwa mabega na kuumana masikio na shingo. Kwa kawaida ukali huwa mkubwa katika saa za mwanzo, na utaratibu mpya hupatikana ndani ya siku mbili hivi. Kazi ya mfugaji ni kuhakikisha kwamba anayeshindwa ana mahali pa kwenda, kwa sababu jeraha kubwa humpata yule aliyekubali kushindwa lakini akabanwa kwenye kona.

Njia bora ni kuanza kwa kuwaweka pande mbili za uzio imara kwa muda wa wiki moja, wakinusana bila kufikiana kwa meno. Baada ya hapo wakutanishwe katika eneo ambalo hakuna hata mmoja wao analihesabu kuwa lake, wakati wa jioni, wakiwa wameshiba, huku chakula kingine kikiwa kimetawanywa chini na nyasi kavu nyingi zikiwa zimewekwa za kuwashughulisha. Marobota ya majani makavu au mbao zilizosimamishwa katikati ya eneo humpa aliyeshindwa nafasi ya kutoonekana. Usimwingize mgeni mmoja peke yake katika kundi lililokwisha zoeana. Waingize wawili au watatu kwa pamoja ili ghadhabu ya wenyeji igawanyike. Kuwapaka wote mafuta yenye harufu kali hupunguza ugomvi kwa muda mfupi tu, na haifai kulitegemea kama ndiyo kinga.

Kuna jambo la kalenda ambalo wafugaji wengi hulisahau. Jike aliyepandwa asihamishiwe kwenye kundi jipya katika kipindi cha kati ya wiki ya kwanza na wiki ya nne baada ya kupandwa, kwa kuwa ndipo mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na mshtuko wa mapigano unaweza kuiharibu yote au kupunguza idadi ya watoto. Mchanganye ndani ya siku mbili za kwanza, au subiri hadi siku 28 zipite.

Je, kuna aina zilizo kali kuliko nyingine?

Zipo tabia zinazoelekea kuandamana na aina fulani, lakini tofauti kati ya mnyama na mnyama ndani ya aina moja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nguruwe wenye masikio yaliyolala juu ya macho, kama Large Black na Landrace, mara nyingi huwa watulivu, ingawa hushtuka wakifikiwa ghafla kwa kuwa hawaoni vizuri mbele yao. Wenye masikio yaliyosimama, kama Tamworth, huwa wepesi na wachangamfu zaidi. Malezi yana uzito mkubwa: mtoto wa nguruwe aliyeshikwashikwa na kulishwa kwa utulivu tangu mdogo hukua akimwamini mtu. Jike anayeuma watu au wenzake bila sababu asiendelezwe kwa kizazi, hata akiwa na umbo zuri kiasi gani.

Tahadhari mahususi inahusu Pietrain, ambao asili yao ni Ubelgiji, pamoja na baadhi ya koo za Landrace. Katika koo hizi kuna kasoro ya kurithi inayomfanya nguruwe ashindwe kustahimili mshtuko: akipigana, akisafirishwa au akipatwa na joto kali, misuli hukakamaa, joto la mwili hupanda haraka na anaweza kufa papo hapo. Kipimo cha vinasaba cha kuitambua kasoro hiyo kipo, na ni haki ya mnunuzi kumwuliza muuzaji kama wazazi walipimwa. Mnyama ambaye hali yake haijulikani asichanganywe na wageni wakati wa joto la mchana.

Nitawalishaje ikiwa mahitaji yao hayalingani?

Hapa ndipo mchanganyiko wa aina huwashinda wengi, na huwashinda polepole kiasi kwamba tatizo hugunduliwa likiwa limekomaa. Nguruwe wa aina za kisasa, kama Large White na Landrace, wamechaguliwa kwa vizazi vingi ili wakue haraka na kujenga nyama isiyo na mafuta mengi. Wakiwa katika ukuaji wanahitaji chakula chenye protini ya kutosha, na wanaweza kula watakavyo bila madhara makubwa. Aina za zamani na zile ndogo huhifadhi mafuta upesi. Kunekune, ambao wametoka New Zealand, hupata sehemu kubwa ya mahitaji yao kwenye majani, na wakila kwa uhuru chakula cha Large White anayekua hunenepa hadi miguu hulemewa, mikunjo ya mafuta hufunika macho, na majike hushika mimba kwa shida au huzaa kwa taabu. Ukilisha kundi zima kwa kiwango cha mdogo, mkubwa atakonda. Ukilisha kwa kiwango cha mkubwa, mdogo ataharibika.

Suluhisho ni kuwatenganisha wakati wa kula hata kama wanalala na kutembea pamoja. Vizimba vya nguruwe mmoja mmoja ndivyo bora zaidi, na katika shamba dogo vinaweza kujengwa kwa mbao za kawaida. Pasipo vizimba, tengeneza lango jembamba ambalo wadogo hupita na wakubwa hushindwa, ili wadogo wale kwa utulivu ndani. Hori liwe na urefu wa kutosha wote kula kwa wakati mmoja: karibu sentimita 30 kwa nguruwe anayekua na sentimita 50 kwa jike mkubwa. Jike wa aina kubwa asiyenyonyesha hutosheka na kilo 2 hadi 3 za chakula kilichochanganywa kwa siku. Anaponyonyesha watoto wengi mahitaji yake hupita mara mbili ya hapo. Mkono wa mfugaji ni kipimo kizuri: ubonyeze mgongoni na kwenye nyonga, na kama mifupa inahisika kwa kubonyeza kidogo, hali ni nzuri, kama inaonekana kwa macho amekonda, na kama haipatikani kabisa amenenepa kupita kiasi.

Maji yanastahili uangalifu uleule. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na nguruwe akikosa maji huku akiendelea kula chakula chenye chumvi anaweza kupatwa na sumu ya chumvi inayoathiri ubongo. Katika kundi lenye ukubwa tofauti, chuchu za maji, yaani vibomba ambavyo nguruwe hunywea, ziwekwe katika vimo viwili au zaidi, na ziwe mbali moja na nyingine ili mbabe asizilinde zote.

Mabaki ya jikoni yenye nyama au yaliyogusana na nyama yasitumike kabisa. Ni njia inayojulikana ya kusambaza homa ya nguruwe ya Afrika, na nchi nyingi zimeyapiga marufuku kisheria.

Je, dume mmoja anaweza kuhudumia majike wa aina zote?

Kwa upande wa uzazi anaweza, lakini miili haikubali kila mara. Dume mzito akimpanda mtamba wa aina ndogo anaweza kumvunja mgongo au miguu, na watoto wanaotokana naye wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia ya uzazi ya mama. Kinyume chake, dume mdogo na jike mkubwa huonekana hawawezekani, na mfugaji anayetegemea jambo hilo kama kinga hushangazwa na mimba, kwa kuwa dume hutumia mwinuko wa ardhi au jike aliyelala. Kupandisha kwa chupa, yaani kumtia jike mbegu ya dume bila dume mwenyewe kumpanda, huondoa tatizo la uzito wa dume na humwezesha mwenye majike wachache kupata mbegu ya aina anayoitaka bila kununua dume, ingawa tatizo la ukubwa wa watoto hubaki pale pale kama mbegu ni ya aina kubwa na jike ni mdogo.

Madume wawili waliokomaa wasiwekwe pamoja. Meno yao ya pembeni hukata kama kisu, na hata ndugu waliokua pamoja hugombana pale jike anapoingia kwenye joto, yaani siku anazokubali kupandwa. Zaidi ya ugomvi, kuna suala la kutojua baba: jike hubaki kwenye joto siku mbili hadi tatu na hutoa mayai mengi, hivyo watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba wawili. Rangi haitoi ushahidi wa kutosha, kwa sababu weupe wa Large White na Landrace hutawala rangi nyingine katika uzao.

Kuzalisha machotara kuna faida gani?

Faida ni ya kweli, na ndiyo sababu ufugaji wa nguruwe wa nyama umejengwa juu yake. Jike chotara wa Large White na Landrace kwa kawaida huzaa watoto wengi zaidi na kuwalea vizuri kuliko wastani wa wazazi wake, na akipandwa na dume wa aina ya tatu, kwa mfano Duroc, watoto hukua kwa nguvu na nyama yao huwa na mafuta ya ndani yanayoleta ladha. Nguvu hiyo ya uchotara hupungua machotara wanapozalishwa wenyewe kwa wenyewe, na kila uzao huwa hautabiriki kuliko uliotangulia. Kwa hiyo mwenye kutaka machotara anapaswa kuendelea kuwa na wazazi walio safi, yaani wa aina moja isiyochanganywa, au kuwanunua.

Aina adimu zinahitaji busara ya pekee. Mwenye majike safi wa aina iliyobaki kwa idadi ndogo, kama Tamworth, na akawaacha wapandwe ovyo, hupoteza mwaka mzima wa uzazi ambao ungeongeza idadi ya aina hiyo. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa, kwa sababu koo ikitoweka hairudishwi kwa fedha.

Jike anayekaribia kuzaa abaki na kundi?

Hapana. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 au 115, yaani takriban miezi 3, wiki 3 na siku 3, na jike ahamishiwe kwenye banda lake siku 7 hadi 10 kabla ya siku hiyo. Wenzake wanaweza kuwalalia watoto, kuwaibia chuchu au hata kuwala. Banda liwe na fito za kuwakinga watoto wasilaliwe, zilizowekwa sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani na sakafuni, na mahali pa watoto penye joto la nyuzi 30 au zaidi, wakati mama mwenyewe huhitaji ubaridi.

Majike wawili wa aina tofauti wakizaa kwa karibu, watoto wa ziada wanaweza kuhamishiwa kwa mama mwingine. Jike hajali aina ya mtoto anayemnyonyesha, mradi harufu isimshtue. Hakikisha mtoto amepata maziwa ya kwanza ya mama yake, mhamishe ndani ya siku moja au mbili tangu kuzaliwa, na uhesabu chuchu zenye maziwa kabla ya kuamua.

Watoto watenganishwe kwa jinsia lini?

Mapema kuliko wengi wanavyofanya. Kwa aina kubwa, miezi mitatu hadi minne ni mpaka wa usalama. Meishan, ambao asili yao ni China, huweza kupevuka wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na aina nyingi ndogo pia hupevuka mapema. Dume mdogo asiyehasiwa hatambui mama wala dada. Mimba hizi za ndugu ndizo chanzo cha watoto dhaifu katika mashamba yenye mabanda machache.

Je, hatari ya magonjwa huongezeka?

Huongezeka sana, na chanzo cha ongezeko hilo ni mahali ambapo wanyama wametoka. Anayekusanya aina nne kwa kawaida hununua kutoka mashamba manne, na kila shamba lina vimelea vyake ambavyo nguruwe wake wamevizoea kiasi cha kutoonyesha dalili. Mnyama mwenye afya njema kwa macho anaweza kuleta homa ya mapafu, kuhara damu, ukurutu au minyoo kwa kundi ambalo halijawahi kukutana navyo. Laiti kila mfugaji angenunua kutoka mashamba machache iwezekanavyo, hata kwa gharama ya kusubiri.

Kila mgeni akae karantini kwa siku zisizopungua 30, mbali na kundi, akiwa na vyombo vyake na viatu vyake vya kumhudumia, na ahudumiwe mwisho baada ya wenyeji. Homa ya nguruwe ya Afrika huchukua kati ya siku 4 na 19 kabla ya dalili kuonekana, na haina tiba, hivyo muda huo si wa kufupishwa. Katika kipindi hicho mgeni apewe dawa ya minyoo na dawa ya ukurutu, kinyesi chake kipimwe, na chanjo zipangwe na daktari wa mifugo. Ukurutu ukionekana kwa mmoja, watibiwe wote waliogusana siku ileile, na dawa irudiwe kadiri maelekezo yake yanavyosema, kwa sababu mmoja aliyerukwa huwarudishia wengine wote.

Jua, baridi na uzio vinahusianaje na aina?

Nguruwe weupe huungua na jua kwa urahisi, hasa masikioni na mgongoni, na jike mwenye ngozi iliyoungua hukataa kupandwa kwa maumivu. Weusi na wekundu huungua kidogo, lakini hakuna nguruwe anayeweza kujipoza kwa jasho, hivyo kivuli na dimbwi la matope ni lazima kwa wote. Kwenye baridi, Mangalica wa Hungaria mwenye manyoya mazito huvumilia hali ambayo ingemtesa Landrace. Banda la kulala litoshe wote kulala ubavu kwa wakati mmoja, la sivyo wa ngazi ya chini watalala nje.

Uzio wa umeme uwe na nyaya mbili au tatu, wa chini kabisa ukiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini ili watoto na aina ndogo wasipenye. Tamworth mwenye pua ndefu hufukua ardhi kwa kina, ilhali Kunekune mwenye pua fupi hupendelea kulisha juu juu. Wakiwekwa kwenye malisho mamoja, mfukuaji ndiye atakayeamua hali ya ardhi. Wahamishe kabla nyasi hazijaisha, na kumbuka kwamba mayai ya minyoo mikubwa ya nguruwe hudumu kwenye udongo kwa miaka.

Kumbukumbu zipi ni za lazima?

Kila mnyama awe na hereni ya sikio, alama ya mkato au chale, na daftari lionyeshe wazazi wake, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupandwa na dume aliyetumika, dawa alizopewa na siku ambazo nyama yake hairuhusiwi kuliwa baada ya dawa. Bila hayo, nguruwe safi hawezi kusajiliwa wala kuuzwa kama safi.

Anayeanza aanze na aina ngapi?

Moja, au mbili zinazolingana kwa ukubwa. Apitishe mzunguko mmoja kamili, tangu kupandisha hadi kuachisha kunyonya, ajue mabanda yake yanabeba wangapi wakati majike wote wamezaa, na aina nyingine iingie pale tu ambapo banda la karantini limekwisha kujengwa na liko tupu.